Jina la Baba Mkwe

Kazi yangu ya uwakili miaka ile ya sabini ilikuwa kuwarudishia watu hela walizotapeliwa, na kwa kazi hiyo usitegemee kualikwa chakula. Aliyeshindwa anakuona adui. Aliyeshinda anachukua chake, anakupa mkono, na mkikutana sokoni anageukia upande wa vitunguu, maana kukuona ni kukumbuka alivyofanywa mjinga. Nilipanga chumba kimoja Mbeya mjini, na Jumapili nilikuwa nasoma mafaili kwa sauti ili nisikie mtu anaongea. Kila mwisho wa mwezi nilipanda basi kwenda kwa mama, kijijini Kalenga, Iringa, naye aliniuliza nitaoa lini.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ilitoka milimani, upande wa Rungwe. Wanawake wa kijiji kimoja walikuwa wamechanga hela ya maharage na viazi wanunue hisa za mashine ya kusaga. Mzee mmoja mwenye heshima zake ndiye aliyewashawishi: yeye angeinunua, wao wangegawana faida kila msimu. Mashine haikuja. Ilikuja pikapu, kwa jina lake. Nilifunga safari hadi Iringa kwa mfanyabiashara aliyemuuzia, akanionyesha kwenye daftari kwamba alilipwa taslimu, tena kwa noti ndogondogo. Mzee alisema ni hela ya ng'ombe wake.

Kwa hiyo kesi yote ilitegemea ushahidi wa mweka hazina wa wale wanawake, mwanamke kijana aliyeolewa na mtoto wa yule yule mzee. Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe wala halitamki jina lake. Basi hela alikuwa akiitia kwenye kopo, analiweka juu ya kigoda kando ya migomba, kisha anajificha nyuma ya nyumba na kukohoa. Mzee anakuja, anachukua, anasema, "Nimepata, mwanangu." Mimi Mhehe mila hiyo niliijua kwa kuisikia tu. Nilimwandaa shahidi wangu wiki nzima juu ya siku na viwango. Suala la jina sikuligusa, nikidhani wakati wake ukifika litatoka lenyewe.

Siku ya kesi alisimama amejifunika khanga mpaka machoni, kaugeukia ukuta, kwa kuwa mdaiwa alikuwa amekaa mbele yake. Alieleza yote vizuri. Nikamuuliza ile sauti kwenye migomba ilikuwa ya nani.

"Ya baba," akasema. "Baba wa bwana wangu."

Wakili wa upande wa pili akainuka taratibu, hana haraka. Mheshimiwa hakimu, akasema, katika kaya ile kuna ndugu watatu, na shahidi huwaita wote baba. Je, ni yupi?

Hakimu akanitazama. Wale wanawake kwenye mabenchi nao wakanitazama.

"Mtaje," nikamwambia. Akazidi kuugeukia ukuta. "Mama, taja jina, la sivyo wenzako wote hawa watarudi mikono mitupu."

Nilikuwa nimepaza sauti. Hasira zangu ziko karibu tangu utotoni, na siku ile nilimmwagia asiyestahili. Akalitaja jina, mara moja, kwa sauti ndogo, kisha akaketi sakafuni. Mzee akainamisha kichwa.

Tulishinda. Dalali wa mahakama aliinadi pikapu na kila mwanamke akapata chake, isipokuwa shahidi wangu, ambaye hakuja. Nikaambiwa mumewe amemrudisha kwao. Kesi angeisamehe, alisema, lakini jina la baba yake kutajwa na mkewe mbele ya watu, hapana.

Mwisho wa mwezi nikapanda basi la Iringa kama kawaida. Tulipofika Chimala kondakta akashika kifurushi kisicho na mwenyewe, akapita akiuliza, "Chako hiki? Chako?" na abiria wakatikisa vichwa mmoja mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa. Karani wa mahakama angeweza kuyasoma majina ya wale ndugu watatu, na shahidi wangu akatikisa kichwa kwa yale mawili yasiyo ya baba mkwe wake. Asingelazimika kutamka chochote. Niliona aibu. Nikashuka, nikavuka barabara, nikangoja basi la kurudi.

Nilimkuta kwa wazazi wake akimenya viazi. Alinisalimu kwa kupiga goti, jambo lililozidi kuniumiza. Nilimkabidhi hela yake, nikamweleza habari ya yale majina matatu, kwamba njia nyingine ilikuwepo na mimi sikuiona. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaihesabu hela, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Hii nimepata, baba, asante," akasema. "Na nyumba yangu je? Hiyo nimshtaki nani?"

"Mimi," nikasema.

"Na wakili nitampata wapi?" akauliza, bila hasira yoyote, akarudi kwenye viazi vyake.