Jani Juu ya Ndoo

Harufu ya vumbi lililomwagiwa maji hunirudisha darasa la awali, Newala, na kunitia haya mpaka leo. Msimu ule wa korosho kila mtoto alikuja shule na kidumu chake cha lita moja, maji ya kunywa na kupikia uji. Nami nilikuwa na kichwa moto. Mwenzangu akinicheka, au akikalia nafasi yangu mkekani, nilikwenda moja kwa moja kwenye vidumu nikavimwaga. Kwingine huo ungekuwa utundu tu. Kwetu mama zetu walishuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani.

Siku nilipomwaga vidumu saba, wazazi walikuja juu. "Mama Somoe, mwanao abaki nyumbani mpaka akili imkae," walimwambia mama, naye akainamisha kichwa. Wengine walitaka fimbo. Samaki mkunje angali mbichi. Mwalimu Koku, mgeni kutoka Bukoba ambako mvua haiadimiki, aliwaomba wiki moja tu. Jumamosi akabisha hodi kwetu na ndoo mbili mpya, kubwa na ndogo. "Mama Somoe, naomba Somoe anipeleke kisimani. Maji aliyoyamwaga tutayarudisha sisi wawili."

Kushuka kulikuwa mchezo. Kupanda, ndoo ya Mwalimu ilimwagika kila hatua, akalowa mpaka kiunoni, nami nikacheka hadi nikaketi chini. Kisha nikamhurumia. Nilichuma kijitawi chenye majani, nikakiweka juu ya maji yake kama mama alivyofanya siku zote. "Sasa hayarukiruki, Mwalimu." Kweli yakatulia. Tulipofika juu shingo yangu ilikuwa inawaka chini ya ile ndoo ndogo, nikamkumbuka mama, nikalia sana. Mwalimu hakunihubiria, alinifuta kamasi kwa khanga yake yenye maji.

Tangu hapo, akiniona nachemka, alinitia jani la mkorosho kiganjani. Sikugeuka malaika. Nilimwaga tena mara mbili, na mara zote mbili tulishuka bondeni pamoja. Lakini wiki ilipoisha na mama alipokuja na wasiwasi wake kuuliza kama anichukue, Mwalimu alisema, "Umchukue uende naye wapi? Huyu ndiye fundi wangu wa maji." Nilimpenda mwanamke yule kupita kiasi.

Sasa mwalimu ni mimi, hapa Masasi, na bomba liko uani, ingawa lina siku zake. Nina Zuhura, miaka mitano, anayewarushia wenzake viatu. Juzi, nikiwa nimeshashika simu nimwite mama yake aje amchukue, nilitoka nje nikachuma jani la mkorosho, nikamtia kiganjani.

"La nini, Mwalimu?"

Nilifungua mdomo nimweleze, nikakumbuka kwamba hajawahi kubeba ndoo kichwani. Jani peke yake halikunituliza hata mimi. Alinituliza mtu aliyekubali kulowa kwa ajili yangu. Nikaweka simu mezani, nikavua viatu, nikaketi sakafuni kando yake.