Viza ya Nyumbani kwa Khaloo

Nilikwenda Ibra na kompyuta, masanduku mawili na ujinga wa kutosha. Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ya Hispania inayokodisha nyumba za likizo kando ya bahari ya huko. Kazi yangu ni kuwajibu watalii mtandaoni: ufunguo umekwama, bwawa halina maji, jirani ana kelele. Nyumba zenyewe sijapata kuziona kwa macho. Kazi ya namna hii hufanyika popote penye intaneti, na mama yangu kule Unguja aliposikia hivyo akaona amepata dawa. Mdogo wake, khaloo wangu, alikuwa mjane huko Ibra, Omani. Watoto wake wamehamia Maskati, na jumba zima limebaki na yeye na paka.

"Si kompyuta tu hiyo?" mama aliniambia. "Kaifanyie kwa khaloo wako."

Shida ikawa viza. Mtoto mkubwa wa khaloo, ambaye kwa desturi yetu ni kaka yangu khasa, alisema njia nyepesi ni kuniandikisha mtumishi wa ndani, shaghala kwa Kiarabu chao, chini ya jina lake.

"Shaghala, karatasi tu hiyo, dada. Nani atakuuliza?"

Wengi huwaleta ndugu zao hivyo, na mimi nikacheka nikakubali. Mtu na digrii yangu nikapanga foleni kupimwa damu pamoja na wasichana waliokuja kuosha vyoo vya watu. Nikapewa kadi, nikaitia pochini.

Hispania huingia kazini sisi huku tunakaribia adhuhuri, kwa hivyo asubuhi zangu zilikuwa za khaloo. Jumatano tulikwenda soko la wanawake, yeye akibishana bei ya udi mpaka muuzaji anaomba radhi. Nyumbani alinisimulia mitaa ya Mji Mkongwe aliyoiacha akiwa msichana, na akinikemea Kiswahili changu. "Mwanangu, nani kakufunza kusema ovyo hivyo?" Alipoanza kulegea miguu nilimkogesha, nilimsuka, nilimlisha. Hakuna aliyenilazimisha. Nilimpenda mwanamke yule.

Waliobaki ndio walionitia uchungu. Wanawe walikuja kila mwisho wa wiki. Mwanzo wakinibusu mlangoni, baadaye wakinipa watoto niwabadilishe nguo, na mwisho wakinipa nguo zenyewe.

"Wewe si upo tu nyumbani," wakisema.

Nipo tu! Siku moja nilikuwa mkutanoni, sura za wenzangu wote zimejaa kwenye kioo, mke wa kaka akafungua mlango bila ya hodi.

"Dada, wageni wamefika, na fuala haijatoka."

Fuala ni matunda na halua ya kumkaribishia mgeni. Nilimwashiria kwa mkono asubiri. Hakutoka, alisimama pale pale mpaka mkuu wangu wa kazi akaniambia niende tu, wataningoja. Nikaenda kukata matikiti kwa hasira. Tangu siku ile mlango wangu haukupigwa hodi tena.

Khaloo alifariki asubuhi, mkono wake umo mkononi mwangu. Azaa yake ilikuwa siku tatu. Huko wafiwa wanawake hukaa safu moja ukutani, na kila anayeingia huwapa mkono mmoja mmoja. Mimi nilikaa mwisho wa safu, baada ya binti zake. Sijapapasha moto pale, mke wa kaka akaniinamia sikioni.

"Kahawa imekwisha kule."

Nikainuka. Niliporudi na birika, pangu pamekaliwa. Basi nikazunguka nikimimina, na wanawake wakipokea vikombe bila ya kuinua macho. Mmoja aliniuliza choo kiko wapi, kwa kile Kiarabu cha polepole wanachosemeshwa watumishi. Kilio changu nilikilia jikoni, nimekalia gunia la mchele. Watu wa Hispania, ambao hawajapata kuona kwangu zaidi ya kichwa na mabega, waliniandikia pole, wakaniambia nisiguse kazi mpaka moyo utulie.

Azaa ilipokwisha kaka aliniita majlisi, chumba cha wageni. Macho yake yalikuwa mekundu, siwezi kumsingizia kwamba hakumlilia mama yake. Akaniambia mama mkwe wake kule Nizwa ameanguka, amevunjika nyonga, na hana wa kukaa naye. Nitahamia huko. Yeye atashughulikia kuhamisha jina la kwenye viza tu, nisihangaike.

"Na intaneti ya Nizwa nzuri kuliko hii," akasema.

"Kaka, mimi nimefiwa. Mama yako na mama yangu wamenyonya ziwa moja."

"Sote tumefiwa, dada."

Nikamwambia sendi Nizwa. Nataka kurudi kwetu, anifutie hiyo viza. Alishtuka, na mshtuko wake ulikuwa wa kweli, hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Alitafuta nilikosewa wapi, na kwa kweli hakupaona.

"Lakini sisi hapa," akasema kwa upole, "siku zote tumekuchukua kama ndugu."