Baba Hajambo

Kazi ya dada yangu ilikuwa kuwauliza wafiwa maswali. Msiba ukishatulia na majirani wakisharudisha viti vyao, yeye anabisha hodi, mkoba begani. Anakaa anapoonyeshwa, anatoa pole, anapokea chai hata kama tumbo limeshajaa chai za nyumba nyingine, kisha anauliza marehemu aliuguaje. Alikuwa analala chali au ameketi? Miguu ilivimba? Akipanda ngazi, pumzi zilimtosha? Watu wengi kwetu hufia nyumbani bila daktari kuwatia machoni, na chuo kikuu kilitaka kujua wanaugua nini, na kwa nini hawafikishwi hospitali mapema. Majibu yalipelekwa kwa madaktari, wakayasoma na kukadiria ugonjwa.

Mtaani walimwita Bi Pole, kwa jinsi neno hilo lilivyomtoka. Kuna watu wanakuambia pole huku jicho liko mlangoni. Yeye alilisema, kisha akanyamaza, akakuachia nafasi ya kulia. Hata hivyo walimwogopa. Muuza mkaa akimwona tu anakata kona na mkoba ule, alipiga kelele kutoka mbali, "Hapa hatujafiwa, Bi Pole, pitiliza!"

"Nimefuata mkaa tu," dada alimjibu. "Roho yako itulie."

Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na niseme mapema kwamba upole wake sina. Baba alikuwa akisema kwamba tulipozaliwa, dada alichukua subira yote akaniachia mdomo. Sikuwahi kumbishia. Kweli haiudhi ikisemwa na mtu aliyekulea.

Baba alikuwa kinyozi. Alifunga duka miguu ilipochoka kusimama, akahamia kwa dada, chumba cha uani, na katika vitu vyote vya dukani alikuja na viwili tu: kioo kirefu, na kile kiti chekundu chenye pa kuegemeza kichwa. Wahenga wamesema kinyozi hajinyoi, akijinyoa hujikata, na Baba maneno hayo aliyachukua kama tusi alilotukanwa yeye binafsi. Kila asubuhi alikaa mbele ya kioo, akapaka povu, akajinyoa kwa wembe wa mkono, taratibu, mpaka chini ya kidevu. Kisha alitoka uani, mashavu yanang'aa, akatuinamishia uso.

"Haya, nionyesheni nilipojikata."

Hatukuwahi kupaona. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu, kwa sababu mimi ninaishi nyumba ya nyuma na chai ya asubuhi nilikuwa nainywa kwao.

Sasa nieleze habari ya neno moja, maana bila hilo hamtaelewa yaliyotupata. Profesa aliyeongoza utafiti, mama mmoja mwembamba mwenye miwani ya kamba, aliona jambo la ajabu katika majibu: watu wetu walikuwa wanakufa ghafla mno. Leo mzima, kesho maiti. Akakaa akasikiliza sauti zilizorekodiwa, moja baada ya nyingine, mpaka akang'amua. Dodoso liliuliza, "Siku za mwisho, hali ya marehemu ilikuwaje?" Mfiwa akajibu, "Alikuwa hajambo." Na mhojaji akaweka alama penye neno "mzima".

Lakini sisi tunajua hajambo ni nini. Mtu amelala mwezi mzima, leo kameza vijiko viwili vya uji, tunasema hajambo. Homa imepanda, jioni imeshuka kidogo, hajambo. Na mgonjwa mwenyewe ukimwambia hujambo, unataka akujibu nini? Salamu hiyo haina jibu jingine. Wahojaji wote walizaliwa ndani ya neno hilo, ndiyo maana hakuna aliyelishtukia. Profesa aliwaita akawaambia, "Ukimwambia mtu hujambo, hujamuuliza kitu. Umemsalimia." Dodoso likaongezwa swali jipya: kuna kitu gani marehemu alizoea kukifanya, akakiacha?

Dada alilipenda swali hilo kuliko yote. Wafiwa walikuwa wanafikiri kidogo, kisha jibu linakuja lenyewe. Aliacha kwenda kisimani. Aliacha kuimba akiosha vyombo. Aliacha kumgombeza mjukuu. Jioni aliyotusimulia haya, Baba alikuwa anatusikiliza kutoka kwenye kiti chake.

"Kwa hiyo mimi nikisema sijambo, hamtaniamini?"

"Wewe nitakuuliza umeacha nini," dada akamwambia.

"Niliacha duka, na mama yenu akaniacha mimi. Vilivyobaki bado ninavyo."

Tulicheka. Baba alikuwa anajua kutuchekesha kwa jambo ambalo mtu mwingine angelilia.

Ilianza na kulala kitini. Alisema kitanda kinamuuma mgongo, na kiti kile amekifanyia kazi maisha yake yote bila kukifaidi, basi sasa ni zamu yake. Dada alimletea blanketi, akawa anamfunika kila usiku mpaka mabegani. Kisha viatu vikamkataa. "Wenzangu wanaota mvi," alisema, "mimi naota miguu." Dada akamnunulia ndala pana, naye akazisifu kwa kila aliyepita.

Asubuhi moja akatoka uani na vinyweleo vyeupe mashavuni.

"Leo wahenga wamekushinda!" dada akamwambia.

"Nimechoka kubishana nao," Baba akasema, akakaa kwenye kigoda.

Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Nikamwambia akizifuga hizo ndevu atafanana na mzee anayetafuta mchumba. Naye alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, dada akampa maji. Kesho yake hakunyoa, na kesho kutwa pia. Tukazoea. Tulikuwa tumeshaanza kumwita bwana harusi.

Na dada, asubuhi hizo hizo, alikuwa anafunga mkoba wake na kwenda kuuliza nyumba za watu kama marehemu alilala ameketi na kama miguu ilivimba. Mganga hajigangi, sawa, hilo kila mtu analijua. Lakini nimewaza sana na sidhani ni hilo tu. Katika nyumba za watu alikuwa anauliza. Nyumbani alikuwa anasalimia.

"Shikamoo, Baba. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo. Wewe hujambo?"

"Sijambo, Baba."

Basi. Binti hamkalishi baba yake akamuuliza anakojoaje na kama pumzi zinamtosha. Angemuuliza vipi? Angeanzia wapi? Hata mimi na mdomo wangu wote nisingethubutu. Tulimpenda, tukamheshimu, na kati ya hayo mawili hapakubaki mahali pa kupitisha swali.

Siku aliyofariki nilikuwa napinda suruali ya mteja, naye amesimama hapo hapo anasubiri. Nikasikia dada ananiita, na si jina langu aliloliita. Alikuwa anasema "Mdogo wangu, mdogo wangu," kama tulivyokuwa tukiitana utotoni kwenye giza. Nilikimbia na pini zangu mdomoni. Baba alikuwa kitini, mbele ya kioo. Alikuwa amejaribu. Shavu moja lilikuwa na povu lililokauka, wembe ulikuwa bado umekunjwa mapajani mwake. Sijui ni kitu gani kilichomfanya ajaribu siku hiyo. Pengine alichoka kuitwa bwana harusi. Dada alivua mtandio wake akaulowesha, akamfuta lile povu, akampangusa mpaka chini ya kidevu, na hakulia mpaka alipomaliza.

Msibani walikuja wengi, vichwa vingi vilivyopita mikononi mwake. Na kama ilivyo kawaida, hawakukosekana wenye kuleta methali mahali palipohitaji maji ya kunywa. Jirani mmoja alitikisa kichwa akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nilimwambia anyanyuke kwenye kiti changu. Baba yangu hakuficha kitu. Alikuwa anaitikia salamu.

Mtaa wetu umo ndani ya utafiti, na kila kifo cha mtaa huu lazima kifuatwe. Profesa alimpigia dada simu mwenyewe, akamwambia ana haki ya kukataa, kama mtu mwingine yeyote. Dada akamjibu, "Watu wamenifungulia milango yao. Na wangu utafunguliwa."

Akaja mwenzake wa kazi, yule tunayemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule kabla ya kuja huku. Mkoba ni ule ule, kama wa dada. Alikaa nilipomwonyesha, akapokea chai, hakuinywa. Alisoma maneno ya kuomba ridhaa, na nilimwona dada midomo ikicheza, anayafuatisha kwa moyo bila sauti.

"Siku za mwisho," Mwalimu akauliza, "hali ya marehemu ilikuwaje?"

"Alikuwa hajambo," dada akasema.

Kalamu ilibaki juu. Mwalimu alinitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Dada mwenyewe alikuwa amelisikia lile neno likimtoka, nikaona linavyomrudia usoni.

"Dada yangu," Mwalimu akasema, "tuache. Nitakuja siku nyingine."

"Uliza, Mwalimu. Uliza kama unavyowauliza wengine."

Akauliza. Alikuwa anasoma haraka, kama mtu anayevuka barabara.

"Alikuwa analala chali au ameketi?"

"Kitini. Nilikuwa namfunika blanketi."

"Miguu ilivimba?"

"Nilimnunulia ndala."

"Kuna kitu..." Mwalimu akasita. "Kuna kitu gani alizoea kukifanya, akakiacha?"

Mlango wa chumba cha uani ulikuwa wazi, na kutoka tulipokaa tuliona mgongo wa kile kiti chekundu na kipande cha kioo. Dada alivitazama. Nilitaka kujibu kwa niaba yake, nikashindwa. Kwa mara ya kwanza maishani mdomo wangu ulinisaliti.

"Kunyoa," dada akasema.

Mwalimu akaandika. Swali linalofuata lilikuwa limechapwa tayari chini ya lile, na hakuwa na namna ya kuliruka.

"Baada ya kuona hivyo, nyumbani mlichukua hatua gani?"

"Tulicheka."

Aliinua uso. "Niandike hivyo?"

"Neno kama lilivyosemwa," dada akamwambia. "Ndivyo tulivyofundishwa."

Akaliandika. Mwisho wa kazi yao ni kumsomea mfiwa majibu yake, asikie kama yako sawa, na Mwalimu aliyasoma yote, la blanketi, la ndala. Alipofika kwenye lile la mwisho sauti ilimkatika. Aliweka karatasi magotini akajifunika macho kwa mkono, mtu mzima yule, mbele ya wafiwa, na kazini kwao hilo linakatazwa.

Dada alisogeza kikombe cha Mwalimu kisimwagike.

"Pole, Mwalimu," akasema. Kisha akanyamaza, akamwachia nafasi.