Nyoka wa Dorsila

"Mama mkwe wako anafuga nyoka," Mama Oloo alimwambia Awuor kisimani, akijitwika ndoo. "Yuko nyuma ya mtungi wake. Ndiye anayetema hizo pesa. Eti kila mwezi, kwa miaka kumi na miwili ijayo, bila jasho? Utaona. Akichoka kutema atataka kulishwa, na huyo halishwi kuku."

Alisema hayo macho yakiwa mgongoni kwa Awuor, alikolala Ajwang', mtoto wa miezi minane, homa imemshika tangu jana.

Awuor alirudi nyumbani. Dorsila ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakubali wale vijana wa pikipiki wa shirika la kugawa pesa za bure kwa simu, walipokuja kuandikisha kila mtu mzima, mwenye bati na mwenye nyasi, bila kuuliza nani anastahili. Wengine walijificha migombani. Yeye aliwatolea viti. Kisha akamgeukia mkaza mwanawe, "Na wewe jiandikishe," na Awuor akaandikwa kwa kuogopa kumkatalia.

Siku ya tatu sasa tangu pesa ziingie kwenye simu ya Awuor. Simu ya Dorsila ilikuwa kimya, jina lake lilikosewa orodhani. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Katika boma la Wajaluo mama hutangulia. Hupanda yeye, huvuna yeye, ndipo wengine wafuate. Mke wa mwana akimtangulia kuonja, huja chira, laana inayomkausha mtoto kama jani. Awuor hakuzigusa, wala hakusema. Je, ikiwa chira imekuja kwa simu kulia tu? Au ndiyo huyo nyoka keshaanza kudai? Alikaa mlangoni kwa mama mkwe akimpangusa mtoto kwa kitambaa kibichi, akisikiliza kila pumzi, akiogopa itakayofuata isije.

Dorsila alimkuta hapo mchana, akitoka kuwalimia watu. Alikuwa mjane tangu ujana, viganja vimeota sugu za jembe na mikwaruzo ya katani, maana jua likizidi husokota kamba za kuuza. Akamgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Tangu lini?"

"Jana, mama."

"Na bado umekaa?"

Awuor akalia, akamwaga yote: simu, chira, nyoka wa Mama Oloo.

Dorsila akaketi chini. "Nyoka huyo namjua. Ana miguu miwili na kofia."

"Nani huyo, mama?"

"Shemeji yangu. Mwanangu Owino aliposhikwa na surua nilimbeba hadi kwake. Akaniuliza ugonjwa gani, mahindi nimepeleka wapi, mbona nilikataa kurithiwa naye nilipofiwa na mume. Nilimjibu nimepiga magoti. Alipomaliza maswali, mtoto alikuwa ameshapoa mgongoni. Na pesa alinipa, ujue. Nilimzikia nazo."

Kuku alipita akiparua majivu. Dorsila hakumfukuza.

"Hizi za simu haziulizi. Ndiyo maana nilitoa viti."

"Na jirani yetu Ochola, yule mlevi, je? Si atazinywa zote?"

"Azinywe. Siku mtu akikaa kuchagua nani apewe, tumerudi kwenye magoti, na mwenye kofia ndiye atakayechagua. Mvua hunyesha kwa Ochola pia. Ushaniona nikiizuia?"

"Lakini mama, wewe hujapata. Nikitangulia..."

"Nani kasema utatangulia? Nitumie shilingi hamsini."

Vidole vya Awuor vilikosea namba mara mbili. Dorsila akaenda duka la njia panda, akarudi na chumvi, na nyuma yake dereva wa pikipiki wa kuwapeleka hospitali. Akalamba punje chache mbele ya mkaza mwanawe, taratibu, kama anayeonja mbegu mpya.

"Haya. Mama ameonja. Ingia uchukue shuka, umfunike."

Hofu haikumtoka Awuor. Mle ndani, shuka mkononi, alisita, akachungulia nyuma ya mtungi. Palikuwa na jembe na kamba za katani.

Alipopanda pikipiki, Ajwang' akiwaka moto kifuani pake, Dorsila alimshika upindo wa nguo.

"Nakuomba kitu kimoja, mwanangu."

"Sema, mama."

"Ukirudi, usije kunieleza pesa zako umezitumiaje."