Mheshimiwa Aliponifutia Adhabu

Enzi zetu sisi tuliokulia Karagwe, mpira haukununuliwa dukani. Tuliingia shambani tukachambua majani makavu ya migomba, tukayafinyanga mpaka yakawa duara, tukayafunga kwa kamba za mgomba huohuo. Mwenye bahati alipata mfuko wa nailoni wa kuuvalisha juu. Mvua ikiunyeshea, mpira huo ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na aliyethubutu kuupiga kichwa alishinda kutwa nzima akisikia nyuki masikioni. Watoto wa siku hizi wanagoma kucheza kwa sababu mpira una upepo mdogo. Nikiwatazama nacheka, kisha nakumbuka jinsi nilivyokuwa nikicheza mimi, na kicheko kinakwisha.

Yote haya yamenirudia wiki iliyopita, kijiweni kwetu, pale tunapokunywa kahawa baada ya kutoka shambani. Vijana walikuwa wanabishana kuhusu mchezaji mmoja wa ligi kuu aliyemsukuma mwamuzi akafungiwa, halafu mwanasiasa mmoja akasimama kutaka kijana huyo afunguliwe, eti taifa linamhitaji. Kijiwe kiligawanyika. Mmoja wao, Novatus, mtoto wa jirani yangu, akanigeukia.

"Na wewe baba mkubwa, unasemaje? Wanasiasa waingilie au wasiingilie?"

Nilipuliza kahawa yangu, ingawa ilikwishapoa zamani. Wote pale walikuwa wanasoma habari hiyo kwenye simu. Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kupanda juu ya pikapu ya mwanasiasa nikafutiwa adhabu mbele ya kijiji kizima.

Kijiji chetu kiliitwa Nyamirembo, kijiji cha migomba na kahawa, na ng'ambo ya bonde kulikuwa na Kabingira, kijiji cha wafugaji. Katikati palikuwa na uwanja. Nauita uwanja kwa heshima tu, maana siku za kawaida ulikuwa malisho, na kila Jumamosi ilibidi wachungaji waswage ng'ombe kwanza ndipo sisi tuingie kukwepa vile vilivyoachwa na ng'ombe. Watu wa Kabingira walikuja na vibuyu vya maziwa, mama zetu wakaja na ndizi za kuchoma, na msimu wa senene ukifika tulitafuna panzi hao hata tukiwa tunakimbia. Shangazi yangu alitoka Nyakasimbi kwa miguu, kikapu kichwani, akisema amekuja kumsalimia kaka yake. Sote tulijua amekuja kutukana timu pinzani.

Mimi nilikuwa beki. Padri alinibatiza Audax, jina ambalo niliambiwa maana yake ni jasiri, na nadhani jina hilo ndilo lililonipa namba. Miguu haikuhusika. Nilikuwa na mwili mkubwa kuliko umri wangu na sikuweza kupiga danadana hata mbili. Mpira ulipokuja kwangu nilifumba macho nikapiga. Ukienda mbele, wenzangu walisema, "Audax ana akili ya mpira." Ukienda nyuma, walisema jua lilinipiga machoni, hata siku ya mawingu.

Mwamuzi wa vijiji vyote viwili alikuwa Mwalimu Respicius, aliyetufundisha darasa la nne. Alivaa kaptura nyeusi aliyoshonewa na mkewe, Mama Koku, na soksi nyeupe zilizovutwa hadi magotini. Filimbi ilikuwa moja tu pande zote za bonde, nayo ilikuwa yake. Alikuwa ameoa Kabingira, lakini siku ya mechi hakupokea hata kikombe cha maziwa kutoka kwa shemeji zake, ili mtu asije akanong'ona.

Basi Jumamosi moja alitoa penalti dhidi yangu. Hadi leo nikiwa peke yangu najitetea. Nilikuwa nimemshika shati mshambuliaji wao, ni kweli, lakini lilikuwa linapepea karibu sana na mkono wangu. Wakati huo tulikuwa tunasikiliza mechi kubwa kwenye redio ya jirani, na tulishajifunza kwamba penalti ikitolewa, wachezaji wanamzunguka mwamuzi na kumpigia kelele. Nami nilitaka kuwa mchezaji mkubwa. Nikamzunguka Mwalimu, nikapiga kelele, na nilipoona hanitazami, nikamrushia teke. Lilimpata sawasawa kwenye mfupa wa goti. Ndilo teke pekee nililolenga vizuri siku ile. Mwalimu Respicius alianguka na soksi zake nyeupe kwenye samadi mbichi.

Kamati ya michezo, yaani walimu wawili na katekista, ilikaa darasani siku hiyohiyo. Nikafungiwa kucheza hadi msimu wa kuvuna kahawa uishe. Baba yangu, tuliyemwita Tata kama watoto wote wa kwetu, hakupandisha sauti.

"Naona mguu wako una nguvu nyingi," alisema. "Upeleke kwa Mwalimu ukamkatie ng'ombe wake majani mpaka atakapoweza kukata mwenyewe."

Nilikwenda na mundu wangu huku nimeinama kama mtu anayekwenda kuzikwa. Nilimkuta Mwalimu amekaa mbele ya nyumba, mguu juu ya kigoda, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Audax. Unajua kwa nini nilitoa penalti?"

"Sijui, Mwalimu."

"Ulimshika shati."

"Lilikuwa linapepea, Mwalimu."

Alicheka hadi akashika goti kwa maumivu. Tangu siku hiyo, kila nilipomaliza kukata majani aliniita, akanichorea uwanja mavumbini kwa kijiti, akanieleza kuotea ni nini. Nilikuwa nimecheza muda wote huo nikidhani kuotea ni tusi. Mama Koku alinipa ndizi na maharage, na nyumbani nilikula tena kama mtu ambaye hajaonja kitu. Na nikwambie ukweli, msomaji wangu: kufungiwa kulinifaa. Jumamosi nilikaa pembeni natafuna ndizi ya kuchoma, sina hofu ya mpira kunijia. Kama mambo yangeachwa hivyo, goti lingepona, kahawa ingevunwa, nami ningerudi beki nisiyejua mpira lakini nijuaye sheria.

Lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia. Diwani wetu, ambaye hatukuwahi kumwona uwanjani hata kwa bahati mbaya, alitoa kombe, jezi na mpira wa dukani, kisha akasikia kuna mtoto amefungiwa na mwamuzi aliyeoa kijiji cha pili. Alikuja na pikapu yenye spika, akaegesha katikati ya uwanja, akaanza kuhutubia.

"Mtoto wa Nyamirembo hawezi kuonewa na mwamuzi anayekunywa maziwa ya ukweni!" alinguruma. Watu wakashangilia. "Yuko wapi kijana huyo? Apande hapa!"

Nilipandishwa. Akaniinamia akanong'ona, "Unaitwa nani?" Nikamwambia. Akaunyanyua mkono wangu juu na kutangaza, "Audasi huyu hapa! Kuanzia leo yuko huru!" Hakuna aliyemsahihisha, hata mimi. Kwa shangwe ile ningekubali hata jina la kike, niitwe Augenia.

Katekista, mtu mpole, alisogea karibu na pikapu. "Waitu Mheshimiwa," alisema kwa ile heshima ya kwetu, "adhabu ilitolewa na kamati, kwa sheria za mchezo."

"Sheria zinatungwa na nani?" diwani akamjibu kwa spika. "Si na sisi?"

Jioni Tata alinikuta nimekaa sebuleni nimenyoosha miguu kama mgeni rasmi.

"Majani ya ng'ombe wa Mwalimu leo amekata nani?"

"Mheshimiwa amesema nimesamehewa, Tata."

Alinitazama miguu niliyoinyoosha. "Kwani Mheshimiwa ndiye aliyepigwa teke?"

Nilikuwa na umaarufu, kwa hiyo sikujisumbua kutafuta jibu. Nilitembea kijijini kama fahali aliyeshinda. Wenzangu walinibebea daftari. Nilianza hata kuchechemea kidogo, kama wachezaji wakubwa wanaokuwa na majeraha, na bibi mmoja akanipa pole na yai la kuchemsha.

Siku ya fainali dhidi ya Kabingira, watu walikuja hadi kutoka Rugu. Mwalimu Respicius hakuwepo. Diwani alikuwa amemtumia ujumbe kwamba mechi hii inahitaji mwamuzi asiye na upande, naye Mwalimu akampa mjumbe filimbi, akaingia ndani. Mwamuzi asiye na upande alikuwa dereva wa diwani.

Dereva yule alikuwa amevaa miwani ya jua na viatu vya ngozi, na alichezesha mechi huku akimtazama bosi wake pembeni, kama mtu anayesubiri kuambiwa akate kona. Mchezaji wa Kabingira alipiga chafya ndani ya eneo lao la hatari. Penalti. Tulifunga. Muda mfupi baadaye mwingine alijikwaa peke yake. Penalti tena. Hapo mzee mmoja wa Kabingira, aliyekuwa kocha wao, aliinua fimbo yake akapiga mluzi ule wa kuitia ng'ombe. Hakutukana mtu. Vijana wake wakatoka uwanjani mmoja mmoja, mama zao wakachukua vibuyu vya maziwa, wakateremka bondeni. Sote tulibaki tumesimama, tukiwatazama migongo.

"Mechi inaendelea!" diwani alitangaza. Alikuwa amekuja na mpiga picha na hakutaka filamu iende bure. "Audasi apige hiyo penalti!"

Nikauweka mpira wa ngozi, mpira halisi, wa kwanza kuugusa maishani mwangu. Mbele yangu kulikuwa na goli tupu. Hakukuwa na kipa, hakukuwa na beki, hata mbuzi hakuwepo. Nikafumba macho kama kawaida yangu, nikapiga. Mpira ulikwenda kulia, ukapita mbali na nguzo, ukavuka njia, ukaangukia kwenye kahawa ya watu iliyoanikwa mkekani.

Diwani akaanza kupiga makofi.

"Goli!" akasema kwenye spika.

Dereva akamtazama, akapuliza filimbi, akaonyesha mkono katikati ya uwanja. Goli. Ndilo goli pekee nililowahi kufunga maishani, na halikuingia. Shangazi yangu wa Nyakasimbi, aliyeweza kushangilia hata kona, alichukua kikapu chake akaondoka bila kuniaga.

Diwani alishinda uchaguzi, na uwanjani hatukumwona tena. Kombe lilikaa ofisini likiwa na kalamu ndani yake. Kabingira hawakuja Jumamosi iliyofuata, wala msimu ule wote. Tukabaki tunacheza wenyewe kwa wenyewe, na kwa kuwa kila mtu sasa alijua kwamba adhabu hufutwa ukiwa na mkubwa wa kukusemea, kila faulo iliishia kwenye ngumi na kila ngumi iliishia kwa mzazi wa mtu. Mwalimu Respicius alirudishiwa filimbi yake, lakini hakuipuliza tena, hata shuleni. Darasa tukaanza kuitwa kwa kengele.

Asubuhi moja nilichukua mundu wangu nikaenda kwake. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta anakata majani mwenyewe, anainama kwa shida, mguu mmoja ameunyoosha pembeni.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukata majani."

"Marahaba. Si ulisamehewa, Audax?"

"Nilisamehewa na Mheshimiwa, Mwalimu."

Alinyooka polepole, akanitazama, nikaona anajizuia kucheka. "Basi kata upande wa mtoni," alisema. "Huku nimeshamaliza."

Nilikata hadi kahawa yote ya kijiji ikawa imevunwa. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Ila siku moja Mama Koku alinipa bakuli la ndizi, naye Mwalimu akasogea kwenye benchi ili nikae.

Hiyo ndiyo hadithi niliyowapa vijana pale kijiweni. Walicheka sana, hasa penye goli tupu, na Novatus akafuta machozi akasema, "Lakini baba mkubwa, hiyo ilikuwa chandimu, mpira wa kujifurahisha tu. Huu ni mpira wa kulipwa." Pengine ni kweli. Mimi ni mtu niliyekosa goli lisilo na kipa, sina haki ya kufundisha mpira. Waheshimiwa watujengee viwanja, nitawapigia makofi mpaka viganja viwake moto. Lakini msamaha wa teke ni mali ya aliyepigwa, na sijaona spika kubwa kiasi cha kubadilisha hilo.

Siku hizi mchezaji anamsukuma mwamuzi asiyemjua jina, wanaachana, kila mmoja anarudi mji wake, na wanaobishana ni sisi tulio mbali. Hakuna Tata wa kumpa mtu mundu. Jioni nikipita karibu na uwanja wetu wa zamani naona nyasi zimefika magotini, kumbe watoto wako dukani wamejazana mbele ya runinga. Wanajua majina ya wachezaji wa ng'ambo ya bahari, namba zao za jezi, na hata wake zao. Juzi niliwauliza majina ya watoto wenzao wa Kabingira, hapo ng'ambo ya bonde tu. Wakatazamana. Sisi tulikuwa tunawajua wote, mmoja mmoja, pamoja na rangi za ng'ombe wao.