Ugonjwa wa Chaki

Sijawahi kuugua kifua. Nalisema hili mapema kwa sababu katika chuo kikuu nilichosoma lipo faili linalosema vingine, na sijui kama limeshachomwa.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilichaguliwa kusomea ualimu wa sayansi, kozi ambayo sikuiomba. Fomu ilikuwa na nafasi tatu za kuchagua, na zote tatu nilizijaza masomo ya maji na viumbe wake. Ualimu ulikuja wenyewe, kwa barua ya mistari minne.

Mama yangu aliuza dagaa sokoni Mabatini, Mwanza, na asubuhi za likizo nilikwenda naye mwaloni, kando ya ziwa wanaposhusha samaki, kununua. Magugu maji yalikuwa yameziba ufuko, mitumbwi ikashindwa kutia nanga, wanawake wakawa wanatembea mwendo wa nusu saa zaidi kufuata samaki. Minofu ya sangara ilikuwa imeanza kwenda viwandani na kutoka hapo kupanda ndege. Sisi tuliuziwa mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, tena kwa kugombania. Nilimuuliza kila niliyedhani anajua magugu yale yametoka wapi na kwa nini yanaongezeka, na kila mmoja alinipa jibu lake. Nilitaka kusoma hadi nijue.

Chuo kiliruhusu kubadilisha kozi mwisho wa mwaka wa kwanza. Zilitakiwa barua mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mlezi aliyesaini fomu ya kujiunga. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyesaini ni baba mkubwa, kaka yake, aliyekaa Magu. Nikapanda basi kwenda kwake.

Baba mkubwa alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha pamba kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanunuzi binafsi walipokuja na malori yao, ofisi ile ilifungwa, naye akaondoka na taipureta na boksi la karatasi za kaboni. Aliviweka kwenye meza ya sebuleni, akafunika taipureta kwa kitambaa. Mtu yeyote wa pale jirani mwenye shida ya shamba, kiinua mgongo au nafasi ya shule alikwenda kwake kuandikiwa.

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akanyoosha mkono kuchukua barua yangu. Nilikuwa nimeeleza ziwa, magugu na maswali yangu, kwa kurasa mbili. Aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Hii si barua ya kuomba," akasema. "Hapa unasema unataka."

Nikamwambia ndiyo, nataka.

"Mwanangu, ofisi haimpi mtu kitu kwa sababu anataka. Wote wanataka. Ofisi inampa aliyeshindwa. Umeshindwa nini?"

Nikamjibu kwamba sijashindwa kitu, nimefaulu masomo yote. Akacheka, akamwita mkewe aje amsikie msomi aliyekuja kuomba msaada akiwa amefaulu. Mama mkubwa akatoka jikoni, akanitazama kwa huruma, akasema niache mzee aandike, barua zake hazijawahi kurudi.

Ilikuwa kweli, na ndicho kilichonikera zaidi. Alifunua taipureta, akapanga karatasi nne na kaboni tatu, akaanza kugonga kwa vidole viwili. *Husika na kichwa cha habari hapo juu.* Aya ya pili ilisema kwamba binti yake, tangu utotoni, ana udhaifu wa kifua, na kwamba vumbi la chaki humsababishia kukohoa na kukosa pumzi, hivyo kazi ya ualimu itahatarisha maisha yake. Anaomba kwa unyenyekevu ahamishiwe masomo ya maji, ambako hakuna chaki.

"Baba mkubwa, mimi siumwi."

"Nani amesema unaumwa? Hii ni barua."

Nilirudi Mwanza nikiwa na karatasi ile kwenye mkoba, nimekasirika kiasi kwamba nilishindwa kumsimulia mama. Miaka yote ile alivyowaandikia watu wafiwe, waugue, waunguliwe na nyumba, ili tu wapewe kilichokuwa haki yao! Na maofisa waliosoma walijua. Walitaka kuona mtu amepiga magoti, ndipo wagonge muhuri. Niliamua sitapiga. Nilipeleka barua yangu peke yake, mama akasaini chini yake kama mlezi, ile ya Magu nikaiacha kwenye sanduku.

Barua yangu ilirudi baada ya wiki mbili. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: *Hakuna sababu ya msingi.*

Wiki tatu baadaye ikaja barua nyingine. Nimekubaliwa kuhamia sayansi ya viumbe vya majini, *kutokana na sababu za kiafya.* Niliisoma nimesimama, kisha nikaenda kufungua sanduku. Chini kabisa ya barua ya baba mkubwa, mahali ambapo kwa hasira sikupasoma, palikuwa na orodha: Nakala, Mkuu wa Kitivo. Nakala, Mganga wa Chuo. Nakala, Jalada. Katibu wa ushirika hatumi barua bila nakala. Alizitia kwenye bahasha na kuzipeleka posta mwenyewe.

Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilihama, nikasoma, nikawa wa tatu darasani.

Mwaka wa tatu tulipangiwa mafunzo ya vitendo ziwani, kwetu kabisa, wiki sita za kupima maji na kuhesabu samaki. Orodha ya watakaopanda boti ilibandikwa ukutani na jina langu halikuwemo. Nilikuwa kwenye orodha ya pili, ya watakaobaki nchi kavu kuosha chupa za sampuli. Nilimfuata mhadhiri aliyesimamia mafunzo, akanifungulia faili bila ubishi. Nakala ya mganga ilikuwa juu, imepigwa mstari penye *kukosa pumzi*.

"Majini kuna upepo," akasema. "Chuo hakiwezi kubeba lawama."

Nilikwenda Magu siku ya pili yake. Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akafunua taipureta.

"Tuseme umepona."

"Sikuumwa."

"Ukiandika hukuumwa, mimi ni mwongo mbele ya mkuu wa kitivo, na wewe umepata kozi kwa uongo. Watakurudisha kwenye chaki. Ukiandika umepona, kila mtu anafurahi. Chagua."

Boti ilikuwa inaondoka baada ya siku nne. Alinisubiri, vidole viwili juu ya herufi, bila kunihimiza. Nikamwambia agonge. Akagonga kwamba kwa matibabu na rehema za Mungu nimepona kabisa, nakala tatu. Nikasaini.

Nilipanda boti. Tulipotoka kwenye magugu na upepo ukaanza, mhadhiri aliniuliza mbele ya wenzangu kama kifua hakinisumbui. Nikamwambia hakijawahi kunisumbua hata siku moja. Akatikisa kichwa, akafungua daftari lake, akaandika: *Amepona.*