Meno Arobaini na Moja

Ketill hakuliamini lile sanduku tangu siku liliposhushwa kutoka kwenye lori la mizigo. Lilikuwa na karatasi mbili za anwani, moja imebandikwa juu ya nyingine, na yeye hakuona sababu ya mtu mnyoofu kubandika karatasi juu ya karatasi. Ndani mlikuwa na ekseli, mhimili wa magurudumu ya mbele ya gari, iliyopakwa rangi nyeusi inayong'aa. Akaikwaruza kwa ukucha. Rangi haikutoka, na hilo nalo hakulipenda.

"Mjomba, hiyo ni ekseli, si mwizi," alisema Svava, mtoto wa marehemu dada yake. "Ukimaliza kuihoji, ifunge."

"Mwizi unamwona usoni. Hii imepakwa rangi."

Svava ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha uokoaji cha bonde lile la kaskazini mwa Iceland. Watu wote wa kikosi walikuwa wa kujitolea: wakulima, mwalimu mmoja, muuza duka, na Svava mwenyewe ambaye alikuwa daktari wa mifugo. Magari yao yote manne yalikuwa kazi ya mikono ya Ketill. Alikuwa na miaka sabini na moja. Gereji yake ilikuwa zizi la kondoo la baba yake, na ufundi hakufundishwa na mtu. Alijifunza Kijerumani na Kiingereza kutoka kwenye vitabu vya magari, kamusi ikiwa gotini, katika ile miezi ambayo theluji hufunga barabara na mtu hana pa kwenda ila ndani ya kichwa chake.

Zamani hizo hakuna aliyenunua ekseli ndani ya sanduku. Mtu alikwenda kwenye lori bovu la maziwa, akakata kwa moto, akapima, akachomelea, na majirani wakaja kumshikia vyuma na kumpinga. Kazi ya wiki sita. Siku hizi mtu anabonyeza simu, na chuma kinakuja kutoka mji mkuu, Reykjavík, kwa wauzaji ambao mikono yao inanukia sabuni.

Novemba ekseli ya mbele ya gari kubwa la kikosi ilivunjika. Svava akaamua inunuliwe mpya, ngumu zaidi, na papo hapo gari livishwe matairi makubwa kuliko ya mwanzo, yanayomfika mtu kiunoni. Matairi ya namna hiyo yakipunguzwa upepo hadi yalegee kama unga uliokandwa, gari hutambaa juu ya theluji ambayo mtu kwa miguu angezama hadi kifuani. Lakini tairi kubwa huichosha injini. Kwa hiyo meno ndani ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hubadilishwa ili gurudumu lizunguke polepole na kwa nguvu. Na sharti ni moja: meno ya difu ya mbele yalingane na ya nyuma. Yasipolingana, magurudumu ya mbele yanataka mwendo wake na ya nyuma wake, na gari linashindana na nafsi yake hadi kitu kikatike.

Ekseli ya nyuma ilibaki ile ile. Ketill aliijenga yeye miaka ishirini iliyopita, akasema meno yake yanatosha hata matairi hayo, na hakukubali iguswe. Juu yake alipigilia kibati chenye namba alizozigonga kwa mkono: 41 kwa 8, meno ya gia kubwa kwa ya gia ndogo. Hlynur, muuzaji mmoja wa Reykjavík, alitumiwa picha ya kibati, akaleta ekseli ya mbele yenye meno hayo hayo. Ndivyo alivyosema.

Jumamosi Svava angelipandisha gari hilo kwenye barafu kuu ya mlimani, akiwa na wapimaji wanne wa hali ya hewa. Huko juu ukungu wa theluji ukishafunga, hakuna wa kumfuata mtu kabla ya siku mbili.

Jumanne Ketill alilijaribu uani. Juu ya theluji lilikwenda vizuri, maana theluji huteleza na kuficha maovu. Akalipeleka kwenye lami iliyopanguswa na upepo, magurudumu yote manne yakivuta. Tatizo alilihisi kwenye usukani kabla hajalisikia: mnong'ono wa chuma, kisha mguno, kisha tairi moja likalia na kuruka kidogo, kama kondoo anayevutwa pembe.

Akarudi moja kwa moja jikoni kwa Svava, ambako watu watatu wa kikosi walikuwa wakinywa kahawa na kutafuna samaki mkavu kwa siagi. Akapiga simu mbele yao wote.

"Umetuuzia meno ya uongo," alimwambia Hlynur.

"Mzee Ketill, ile nimeihesabu mwenyewe."

"Mzee ni baba yako. Hapa hata askofu tunamwita kwa jina lake. Ulihesabu wapi, kwenye kompyuta?"

"Kwa kidole, Ketill. Lakini binadamu hukosea. Kesho nipo hapo."

Ketill akakata simu. "Mmesikia? Mtu asiye na kosa haendeshi gari kwa saa tano kwenye theluji."

"Au ni mtu muungwana," alisema Svava.

"Waungwana walikwisha."

Asubuhi, Hlynur akiwa bado njiani, Ketill aliamua kuhesabu ili ushahidi uwe tayari mezani. Alikuwa na njia yake. Aliinua gari kwa jeki, akafunga kufuli za difu zote mbili ili gurudumu la kulia na la kushoto yazunguke pamoja, akaichomoa kwenye gia boksi propela shafti ya mbele, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye difu, na kwenye ncha yake ya upande wa difu akafunga uzi wa sufu, ule mnene wa kufumia sweta. Kisha akazungusha gurudumu kwa mikono mara kumi kamili, uzi ukijiviringisha kwenye chuma. Wengi huzungusha mara moja na kusema "karibu tano". Karibu tano ndiyo iliyovunja magari ya watu. Mara kumi haifichi kitu.

Akahesabu mizunguko ya uzi. Hamsini na moja na robo.

Akakunja uso. Hiyo ilikuwa arobaini na moja kugawanya kwa nane, mara kumi, sawasawa. Akaviringua uzi, akarudia. Hamsini na moja na robo. Basi yule muuzaji alikuwa mjanja kuliko alivyodhani. Labda ubovu ulikuwa kwenye habu, kitovu cha gurudumu, labda kwenye matairi. Akapima matairi. Yalikuwa sawa.

Akaenda nyuma, kwa kutimiza tu. Akafunga uzi, akazungusha mara kumi. Arobaini na nane, na robo tatu.

Alikaa chini kwenye sakafu ya zege. Alirudia mara tatu, na mara ya tatu hakuhitaji kuhesabu, maana kwa macho tu aliona uzi ni mfupi. Meno thelathini na tisa. Kibati kilisema arobaini na moja, kwa mkono wake.

Ndipo ilipomrudia. Vuli ile aliyolijenga gari, meli iliyoleta meno ilichelewa. Mbele na nyuma alitia meno thelathini na tisa aliyokuwa nayo, kwa muda tu, hadi arobaini na moja yafike. Kibati kilikuwa kimegongwa tayari. Kisha kondoo wakapotea mlimani, kisha wavuvi wawili wakapotea, kisha kukawa na majira ya baridi kama ishirini. Mbele na nyuma vililingana, gari likaenda, naye akaamini maandishi yake.

Hlynur alifika saa sita mchana, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoganda. Alishusha vichwa viwili vizima vya difu, meno yakiwa yamekwisha kufungwa ndani.

"Sikujua kipi kiliingia kwa makosa, nikaleta vyote. Arobaini na moja, thelathini na tisa. Wewe umehesabu, Ketill. Niambie tu kipi, nakitia, cha zamani narudi nacho. Gharama ni zetu."

Ketill akamtazama, akitafuta mtego. Kwa nini asibishane? Mtu anayekubali kosa kabla ya kuonyeshwa, anaficha nini? Alitafuta na hakukiona. Svava alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Sema basi, mjomba. Muda unakwenda."

Thelathini na tisa, hilo tu. Neno moja, na gari lingekuwa salama, mbele na nyuma sawa, Svava angeshuka na wapimaji wake wote, na aibu ingerudi Reykjavík ndani ya sanduku. Nani angejua? Fundi mwingine, siku nyingine, atakayekisoma kibati na kukiamini.

"Tia thelathini na tisa," alisema Ketill.

Hlynur akalala chini na spana yake.

"Ngoja. Kitie, kilingane na cha nyuma, lakini chako cha kwanza hakina kosa." Ketill aliinama kando ya gari. "Ni arobaini na moja kama ulivyosema. Kibati changu cha nyuma ndicho kinachosema uongo. Niliandika kitu, nikatia kingine. Jana nilikutukana mbele ya watu kabla sijahesabu."

Hlynur alitokeza kichwa kutoka chini ya gari. "Kibati nilikiamini kuliko ekseli," alisema. "Ningepaswa kukuomba uhesabu."

"Usinipe sababu. Sijakuomba."

Svava hakucheka. Aliweka kikombe chini na kumwangalia mjomba wake kwa jicho ambalo Ketill alilijua vizuri, kwa kuwa lilikuwa jicho lake mwenyewe.

"Na yale matatu?" aliuliza.

"Yapi?"

"Magari matatu mengine, mjomba. Nayo yana vibati vyako."

"Yale niliyafanya..." Akaishia hapo. Alitaka kusema ana hakika, lakini hata jana alikuwa na hakika.

"Mwache leo, Svava," alisema Hlynur akijifuta mafuta. "Kazi ya miaka arobaini. Akisema ni sawa, mimi namwamini."

"Wewe unaamini upesi mno," alisema Ketill. Alikwisha chukua funguo kwenye msumari, akafungua mlango mkubwa, baridi ikaingia. "Yaingizeni moja moja. Hesabuni ninyi, mimi nikae nje. Yangekuwa yako, Hlynur, ningeyahesabu yote."